Bitana ya Sauti

Kwa miaka arobaini na miwili ya kushona suti, Baba Pacha hakuwahi kugusa mkasi kabla ya kumwona mteja akitembea. Mtu angeingia dukani kifua mbele, amesimama wima kama mlingoti, anataka apimwe upesi aende zake, na Baba Pacha angemwambia taratibu kwamba atembee mpaka mlangoni, kisha arudi. Wengine walicheka. Wengine walidhani mzee anataka kuona viatu vyao. Kumbe alikuwa akitazama mabega. Alikuwa na msemo wake, ambao mkewe alikwisha kuuchoka, kwamba Mungu hajaumba mtu mwenye mabega mawili yaliyo sawa, na kwamba pateni haijamwona mteja. Pateni ni karatasi ya kukatia tu. Inajua namba, haimjui mtu. Kwa hiyo aliyekuwa na bega lililoinama kwa kubeba mizigo alikatiwa koti la bega lililoinama, na akishalivaa, watu wote walimwona amenyooka.

Jina hilo la Baba Pacha alilipata siku mabinti zake wawili walipozaliwa kwa mkupuo mmoja, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vinginevyo. Mkewe naye akawa Mama Pacha. Mapacha wenyewe sasa ni watu wazima, wana nyumba zao miji ya mbali. Duka alilifunga mwaka ambao magoti yalikataa kukanyaga cherehani. Kilichobaki ni cherehani moja iliyofunikwa kitambaa kando ya dirisha la sebule, boksi la chaki, futi ya kupimia na muziki.

Na muziki wake haukuwa wa kuwashwa na kusahauliwa kama redio ya kinyozi. Alikuwa na amplifaya nzito yenye uso wa bati linalong'aa, na mashine ya kuchezea santuri ambayo sindano yake hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Alikuwa pia na spika mbili za mbao zinazofika kiunoni, moja kila pembe, zimesimama kama mapacha wengine wa nyumba hiyo. Kila Jumapili saa kumi alasiri, kwa miaka zaidi ya thelathini, yeye na mkewe walifunga mlango wa mbele, wakakaa kwenye viti viwili vilivyopangwa sambamba katikati ya sebule, wakasikiliza santuri upande wa kwanza na wa pili. Hakuna kuzungumza. Mgeni akibisha, alisubiri.

Santuri waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bendi moja ya zamani, jalada lake limechakaa hata majina ya wanamuziki hayasomeki. Waliorekodi enzi hizo hawakuwa na mambo mengi. Mwimbaji na gitaa la kwanza waliwekwa spika ya kulia. Gitaa la pili likapewa spika ya kushoto, peke yake. Hilo gitaa la pili halikuwa na haraka. Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukaanza, ndipo lilipoingia, likichombeza, likimkatiza mwimbaji maneno, likicheka penye huzuni. Mama Pacha tangu ujana wao alilibatiza Shemeji.

"Ndugu yako huyo," alikuwa akimwambia mumewe. "Anachelewa, halafu akifika anaongea kuliko wenye nyumba."

Basi kila Jumapili Shemeji alipoingia, Mama Pacha aligonga kidole kimoja juu ya mkono wa kiti, mara moja tu, na Baba Pacha, bila kugeuka, alijua kwamba mkewe anatabasamu.

Miaka miwili iliyopita Mama Pacha aliugua homa kali kwa wiki tatu. Alipona, lakini sikio la kushoto halikupona naye. Daktari alieleza kwa upole kwamba mshipa wake umekufa, na kwamba hakuna dawa ya kuufufua. Mama Pacha alilipokea jambo hilo kama alivyopokea mengine mengi, kwa kukaza kitambaa kichwani na kuendelea na kazi. Alirudi kwenye bustani yake, kwenye kufuma kwake, kwenye kuwapigia mabinti zake simu ndefu zisizo na habari. Alirudi kwenye kila kitu isipokuwa Jumapili. Jumapili ya kwanza alikaa, akasikiliza upande mmoja wa santuri, kisha akainuka akisema ameacha sufuria motoni. Baba Pacha alipokwenda jikoni kunywa maji, jiko lilikuwa baridi na sufuria zote zimefudikizwa kabatini. Tangu siku hiyo Mama Pacha alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, anafuma hiki, anafumua kile, na kiti chake sebuleni kikabaki na mto uliovimba, ambao hauna wa kuukalia.

Hicho ndicho kilichokuwa kikimla Baba Pacha. Muziki wenyewe aliusikia vizuri kabisa. Alichokitaka ni kile kidole juu ya mkono wa kiti.

Ndipo aliposoma mahali habari za sauti ya kumzunguka msikilizaji: spika za mbele, spika za nyuma, mtu akakaa katikati kama samaki ndani ya maji. Akafikiri kwamba sauti ikija kutoka pande zote, hata mwenye sikio moja atapata fungu lake. Mapacha walipouliza baba yao anahitaji nini, hakuzunguka mbuyu. Baada ya mwezi mmoja likafika boksi: amplifaya mpya yenye matundu mengi mgongoni kuliko filimbi, na spika tatu ndogo, moja ya kati na mbili za nyuma, za kuungana na zile kubwa mbili za zamani.

Kitabu cha maelekezo alikisoma siku tatu, kamusi magotini, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Kilikuwa kwa lugha aliyojifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, enzi ambazo alitoka dukani na kwenda kukaa kwenye dawati huku nyuzi zimemganda kwenye suruali. Naye alijivunia kwamba hakuruka hata ukurasa wa maonyo ya umeme. Katikati ya kitabu palikuwa na mchoro. Chumba cha mraba, kiti katikati, spika tano zimekizunguka kwa umbali ulio sawa. Mchoro huo ulimpendeza sana. Ulikuwa nadhifu, kama kazi ya mtu anayejua kukata.

Akatoa futi yake, akapima sebule mpaka nusu inchi. Spika za nyuma alizitundika ukutani kwa usawa ambao tone la maji lingesita liteleze upande gani. Nyaya hakutaka zitambae sakafuni kama mizizi, kwa hiyo alifunua cherehani, akashona mfereji mrefu wa kitambaa cha rangi ya ukuta, wenye pindo pande zote mbili, akapitisha nyaya ndani yake. Ukiingia chumbani usingejua kuna waya. Viti viwili akavirudisha katikati, penye makutano ya vipimo vyote.

Jumapili ilipofika, Mama Pacha aliitwa. Akaja, akafuta mikono, akaketi. Sindano ikashuka, na sebule ikajaa. Mwimbaji alitoka mbele na nyuma, ngoma zikatoka ukutani, gitaa likapita juu ya vichwa vyao. Baba Pacha mwenyewe nywele zilimsimama. Lakini pembeni mwa jicho alimwona mkewe akigeuza shingo huku na huku, kama mtu anayeitwa barabarani asijue na nani. Santuri haikufika nusu.

"Ni kama nimekaa katikati ya soko," alisema Mama Pacha. "Kila muuzaji ananiita, na simwoni hata mmoja." Kisha, akiwa amekwisha simama, akamwekea mumewe mkono begani. "Umeweka vizuri, Baba Pacha. Ni sikio langu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angemwambia ameharibu. Mteja akishaanza kuomba radhi kwa mwili wake, fundi ameshindwa kazi. Hilo alilijua tangu akiwa mwanafunzi wa cherehani.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wiki tatu nzima alihangaika na rimoti, ambayo ilikuwa na vitufe vya kuigiza mahali mbalimbali. Alipobonyeza Ukumbi, mwimbaji aliimba mara mbili. Alipobonyeza Uwanja, alisikika kama anatangaza mtoto aliyepotea. Klabu ilitetemesha glasi kabatini hata mbili zikagongana. Mama Pacha, kutoka kwenye kigoda chake, aliuliza kama huyo mtu ametumbukia kisimani, na kama ndivyo, atolewe kabla hajashikwa na mafua. Baba Pacha alicheka, lakini kicheko hakikushuka chini ya koo.

Hatimaye ni Mama Pacha aliyelifungua fundo hilo. Alimuuliza ni wangapi waliowahi kumletea suti ambazo walijaribu kuzirekebisha wenyewe nyumbani. Baba Pacha akakiri kwamba ni wengi mno. Akamuuliza alikuwa akiwaambiaje. Hapo Baba Pacha akaweka rimoti chini, maana alikuwa akiwaambia wote neno moja: ungekuja kabla hujakata.

Jumamosi asubuhi fundi wa sauti waliyemwita, Fundi Kimya, akabisha hodi.

Aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa sauti na maneno hakuwa nayo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na sifa zake zilimtangulia. Ulikuwepo ukumbi wa mikutano ambao ulirudisha kila neno mara tatu, hata wasemaji walionekana wanabishana na nafsi zao. Mafundi watatu walikwisha kuushindwa. Yeye aliingia na mapazia mazito na spika mbili ndogo, akatoka jioni, na kuanzia kesho yake hata aliyenong'ona alisikika mpaka kiti cha mwisho. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa. Baba Pacha, ambaye aliamini sifa za fundi akishaona mshono, alisubiri aone.

"Karibu, binti," alisema, na jicho lake, bila kuombwa, likapima: bega la kulia limeshuka nusu inchi kwa uzito wa mfuko wa vifaa.

Fundi Kimya alivua viatu, akaamkia, akaweka mfuko chini bila kuufungua. Baba Pacha akampa kitabu cha maelekezo chenye maandishi yake ya risasi pembezoni. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua kwenye mchoro, akautazama, akakirudisha. Kisha akachuchumaa ukutani, akaushika ule mfereji wa kitambaa, akaupitisha vidoleni tangu mwanzo mpaka mwisho, polepole.

"Hii nani kashona?"

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayeonja kitu na kukikubali. Baba Pacha alishangaa kuona jinsi itikio moja la kichwa linavyoweza kumfanya mzee wa umri wake ajisikie amepita mtihani.

Kisha fundi akaomba jambo ambalo Baba Pacha hakulitegemea. Aliomba kila mtu akae kama anavyokaa siku zote muziki unapopigwa. Wasijipange, wasimwonyeshe. Wakae tu. Baba Pacha akaenda kwenye kiti chake cha katikati. Mama Pacha, akidhani hayumo kwenye hesabu, akarudi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni na kuokota kufuma kwake. Fundi Kimya akasimama pembeni akiwatazama. Alitazama muda mrefu, hata Baba Pacha akaanza kujiuliza kama kuna kitu usoni mwake.

"Mama," fundi alisema, akisogea upande wa kulia wa kigoda kabla ya kufungua kinywa. "Sikio la kushoto lilianza lini?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Baba Pacha alikuwa na hakika, kwa sababu alikusudia kulisema baadaye, kwa faragha, mkewe asiaibike. Lakini Fundi Kimya alikuwa ameona mlangoni, wakati wa salamu, jinsi mama alivyompa shavu la kulia kwanza.

Akaomba santuri ipigwe kwa spika mbili za zamani tu. Sindano iliposhuka, alikwenda akapiga goti sakafuni kando ya kigoda, kichwa chake kikawa sawasawa na cha Mama Pacha, akaziba sikio lake mwenyewe la kushoto kwa kidole. Akafumba macho. Akakaa hivyo, goti sakafuni, upande mzima wa santuri.

Baba Pacha alimtazama fundi, kisha akamtazama mkewe. Ameishi na mkewe tangu ujana. Amemkatia nguo za kila hali, za ujauzito wa mapacha na za msiba wa mama yake. Miaka miwili sasa sikio lake moja limekufa, na katika miaka hiyo miwili yeye, mumewe, hakuwahi hata siku moja kuziba la kwake ili asikie mkewe anasikia nini.

Fundi aliinuka, akapangusa goti, akamuuliza Mama Pacha kuna nini kilichopungua.

"Shemeji," alijibu Mama Pacha, kisha ikambidi aeleze, na akieleza alicheka kwa haya. Tangu homa ile Shemeji haingii tena. Anajua yumo, kwa sababu mwimbaji bado anamwachia nafasi, ananyamaza kumsubiri. Lakini nafasi inakuja tupu. Ni kama kukaa mezani na kiti cha mtu aliyesafiri. Ndiyo maana ile Jumapili ya kwanza alisingizia sufuria.

Baba Pacha hakuwa amelijua hilo pia.

"Mzee," alisema Fundi Kimya, "hii kazi yako ni safi. Ila umempimia nani?"

"Nimefuata kitabu."

"Kitabu kimempimia mtu wa masikio mawili. Kitabu hakijamwona mama." Akaelekeza kidole kwenye kigoda. "Tazama alipokaa. Kushoto kwake ukuta, kulia kwake chumba chote. Sikio zima limeelekea muziki. Katika nyumba hii nzima hakuna mahali pazuri kwake kuliko pale, na amepapata mwenyewe, bila futi. Mama hakukimbia muziki, mzee. Alikuwa anatafuta kiti."

Baba Pacha aligeuka akamtazama mkewe. Mama Pacha alikuwa ameinamia kufuma kwake, lakini sindano zilikuwa zimesimama.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza?"

"Kila Jumapili," alisema Mama Pacha. "Nitakwenda wapi?"

Mganga hajigangi. Fundi aliyewatembeza watu wa mji mzima mpaka mlangoni na kurudi, mteja wake wa kwanza alitembea mbele ya macho yake miaka miwili, akaenda akakaa mlangoni, na yeye hakutazama mabega. Alikuwa kwenye mchoro. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ndani ya aibu hiyo hiyo kulikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya fundi anayeona kazi ikifanywa inavyotakiwa, hata kama mikono si yake.

"Fundi," alisema, na neno binti hakulitumia tena, "unahitaji nini?"

"Chaki yako. Na kushikiwa futi."

Kazi ilianza. Kigoda kiliondolewa, na kile kiti chenye mto kikachukua nafasi yake, ukuta kushoto. Fundi Kimya akamwomba Mama Pacha aketi na kufumba macho, kisha akazunguka chumba akitikisa funguo: hapa chini, pale juu, huku karibu, kule mbali. Kila mara Mama Pacha aliulizwa zinatoka wapi. Upande alikosea karibu kila mara, kidole kilikwenda kulia hata funguo zilipokuwa mbele yake. Lakini zilipokuwa karibu alisema karibu, na zilipokuwa mbali alisema mbali, na hapo hakukosea hata mara moja. Kila jibu fundi aliliwekea alama ya chaki sakafuni, msalaba mdogo, kama anavyotiwa mtu alama za koti la kujaribia.

Alipomaliza, alieleza kwa maneno machache, nayo yakawa mengi kuliko yote aliyosema siku hiyo. Sikio moja halijui kushoto na kulia, na hakuna mashine ya kulirudishia. Ila linajua karibu na mbali, na linajua kama chumba ni kikubwa au kidogo. Basi wasiwapange wanamuziki kushoto na kulia. Wawapange karibu na mbali, wote upande wa sikio lililo hai. Mwimbaji atasimama kule mbele. Na Shemeji ataondolewa kwenye ile pembe aliyokaa miaka thelathini na kuletwa huku, kando ya dirisha, hatua tatu tu kutoka kwenye kiti.

Ile spika kubwa ya kushoto waliibeba pamoja. Zile ndogo za nyuma Fundi Kimya alizishusha ukutani, akazipandisha juu karibu na dari, akazigeuza zisimtazame mtu bali ukuta wa pili. Kisha akapunguza sauti yake. Akapunguza tena. Baba Pacha, aliyekuwa chini ameshika ngazi, akatega sikio, akasema kwa heshima kwamba sasa hazisikiki kabisa.

"Zikisikika, nimekosea. Hizi si za kusikika. Ni za kukosekana zikizimwa."

Baba Pacha alifikiri kidogo. "Bitana," alisema.

Fundi Kimya alikiri kwamba bitana haijui. Basi Baba Pacha akaingia chumbani akatoka na koti lake la harusi ya mmoja wa mapacha, akaligeuza ndani nje, akamwonyesha kile kitambaa laini kilichoshonwa kwa ndani. Hakuna anayekiona, alimweleza. Hakuna anayekisifu. Lakini kitoe uone: koti linalegea, linakamata shati, mvaaji anahangaika na hajui sababu. Fundi Kimya alishuka ngazi, akapitisha mkono ndani ya koti tangu kwapani mpaka pindoni, kama alivyofanya na ule mfereji wa nyaya.

"Ndiyo hiyo," alisema, akapanda tena.

Kabla ya kufunga skrubu za mwisho alisita, akamtazama mzee kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye habari ngumu.

"Mzee, kiti ni kimoja. Nikikata kwake, kwako patapwaya. Pale katikati ulipozoea hapatakuwa na muziki mzuri tena. Naweza kugawa katikati, kila mmoja apate kidogo."

Baba Pacha alitazama mahali pake. Zulia lilikuwa limefifia kwa miaka ya viatu vyake. Suti ya kugawana watu wawili aliwahi kuombwa mara moja na ndugu wawili wabishi, na aliwarudishia kitambaa chao.

"Kata," alisema.

Santuri ikawekwa. Mama Pacha akakaa, kufuma kwake amekuweka chini, mikono juu ya mikono ya kiti. Fundi Kimya alisimama kando ya amplifaya. Baba Pacha hakukaa. Alirudi nyuma hatua mbili, kama alivyokuwa akifanya dukani koti linapovaliwa mara ya kwanza, akasimama nyuma ya mkewe, pembeni kidogo. Uso wa mteja unaweza kudanganya kwa adabu, lakini mabega hayana adabu.

Mwimbaji akaanza, kule mbele. Mabega ya Mama Pacha yalikuwa yamepanda, yanasubiri soko. Soko halikuja. Ubeti ulikuwa unakwenda katikati fundi alipobonyeza kitufe na kuzima zile mbili za juu, bila kusema.

"Mbona chumba kimekuwa kidogo?" aliuliza Mama Pacha, macho ameyafumba.

Fundi akaziwasha. Mabega yakashuka kidogo. Baba Pacha na Fundi Kimya wakatazamana juu ya kichwa chake.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukaanza. Mwimbaji akanyamaza, akaacha nafasi yake, ile iliyokuwa ikija tupu kwa miaka miwili, na Baba Pacha akagundua kwamba ameshika futi shingoni mwake kwa mikono yote miwili kama mtu anayening'inia.

Gitaa likaingia dirishani.

Mabega ya Mama Pacha yakaanguka, yote mawili, na kwa sababu ya umri la kulia likashuka zaidi ya la kushoto. Hakugeuka. Kidole kimoja kikainuka, kikagonga mkono wa kiti.

"Kachelewa," alisema. "Kama kawaida yake."

Mahali aliposimama Baba Pacha muziki ulikuwa hovyo. Shemeji alimpigia kelele kisogoni, mwimbaji alikuwa mbali kama mtu aliye nyumba ya jirani, besi imelalia upande mmoja. Alikuwa anasikia upande wa ndani wa nguo: mafundo, alama za chaki, nyuzi zilizobaki. Naye ameishi upande huo maisha yake yote, akitazama kazi nzuri kwa nyuma, na hakuona sababu ya kuulalamikia leo.

Fundi Kimya alikuwa amekwisha kusanya vifaa vyake. Alivaa viatu kimya kimya, akajitupia ule mfuko begani, bega la kulia likazama. Baba Pacha akamfuata, akamzuia kwa mkono kabla hajafika mlangoni, akavuta futi kutoka shingoni.

"Fundi," alimwambia kwa sauti ya chini, "kabla hujaondoka. Tembea mpaka mlangoni, urudi."

Fundi Kimya alimtazama, asielewe. Kisha akaelewa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu, akaanza kutembea.

"Nyie wawili," Mama Pacha alisema kutoka kwenye kiti chake, bila kufumbua macho. "Shemeji anaongea."